Nyumba na Vilivyomo

Jumanne moja saa nne asubuhi, fundi wa meno ya bandia alimwambia bibi aliyeketi kitini apanue kinywa, akamtia kibati kilichojaa dawa laini ya rangi ya waridi, akakishikilia kwa vidole viwili mpaka dawa ikaganda. Karakana yake ilikuwa nyuma ya hospitali: chumba kimoja, meza ya bati, jiko dogo la kuyeyushia nta, na rafu tatu za vinywa vya plasta, kila kinywa na namba yake. Kwa kawaida daktari ndiye aliyepima wagonjwa kule mbele, yeye akaletewa vipimo tu. Siku hiyo daktari alikuwa na homa.

Kibati kilipotoka, bibi alisukutua, akajipangusa midomo kwa kitambaa alichotoa mkobani, akasema angependa meno yawe tayari kabla hajahama. Alikuwa anauza nyumba. Mwanawe mkubwa alimtaka akakae naye ng'ambo, na ngazi za pale nyumbani siku hizi zilikuwa zinamshinda.

"Ni kule juu, kwenye mitaa ya zamani," alisema. "Kona ya pili, geti la kijani. Ningependa ipate watu wenye adabu zao."

"Naijua," fundi alisema.

"Ulishafika?"

"Nilifika getini."

Bibi hakuuliza lini. Alizitazama zile rafu za plasta kama mtu anayechagua vikombe dukani, akauliza weupe gani wa meno hauonekani wa kununua.

Fundi alikuwa na miaka sita siku hiyo ya getini. Nyanya yake alimpandisha basi, wakaja kumwona mama yake, aliyekuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ile. Ndani kulikuwa na wageni. Mama alitoka na aproni yake, akasimama upande wake wa geti, wao wakabaki upande wao, wakazungumza kupitia nondo kwa muda wa kuchemsha yai. Alipitisha mkono, akamshika kidevu kwa vidole vyenye unga. Kisha sauti ikaita kutoka ndani, na mama akaenda. Mwaka uliofuata alikohoa wiki mbili, akafia katika chumba cha uani akiwa na miaka thelathini. Maiti ililetwa kijijini kwa pikapu, pamoja na godoro na mfuko mmoja wa nguo. Mtoto alitupia udongo kaburini kama alivyoonyeshwa.

Sasa fundi alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Jioni alimwambia mumewe kwamba amepata nyumba.

Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mpole, mwenye chaki kwenye mifuko ya suruali zake zote. Walikuwa wamepanga miaka kumi na tisa, nyumba tano, na kila moja ilikuwa na balaa lake: hii ilivuja, ile ilikuwa juu ya kinyozi aliyefungulia redio tangu alfajiri. Binti yao mmoja alikuwa ameshaenda chuo bila kuwahi kuwa na mlango wa chumba chake mwenyewe. Walienda kuiona nyumba Jumapili. Miti ya mtaa ule ilikuwa mikubwa, imepandwa na watu waliokwisha kufa. Nyua za nyumba zilikatwa sawasawa kama nywele za mtoto siku ya kwanza ya shule. Hata mbwa walibweka kwa zamu. Mwalimu aligonga ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole, ukamjibu kwa sauti nzito.

"Hii ilijengwa," alisema. "Siyo hizi za siku hizi."

Fundi alikuwa bado amesimama ndani ya geti. Aligeuka akaitazama barabara kutoka upande huo.

Benki ilikubali baada ya kuwasumbua vya kutosha. Siku ya kutia saini, mwanasheria aliwasomea mkataba kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Alipofika kwenye maneno "nyumba na vilivyomo," bibi aliinua mkono. Alikuwa ameshavaa meno yake mapya, na yalimkaa vizuri.

"Vilivyomo niwaeleze mwenyewe," alisema. "Ni mapazia, kabati mbili, meza ya jikoni, na msaidizi wa uani. Yeye ni marehemu, hali chochote, wala hana usumbufu. Alitulelea watoto wetu watatu kama wake, wawili akiwa hai na mmoja baadaye."

Mwanasheria aliandika: msaidizi, mmoja.

"Ana tabia moja tu," bibi aliendelea. "Huomba ruhusa ya kwenda kwao. Mwambieni wiki ijayo. Huwa anaelewa."

Mwalimu alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameinamia karatasi, anaweka saini mahali alipoonyeshwa, herufi moja moja, kama anayechonga jino.

Walihamia Jumamosi. Kufikia saa tatu asubuhi masanduku yalikuwa yamejaa sebuleni. Fundi alikwenda jikoni kutafuta maji, akamkuta mama yake kwenye sinki anasuuza vikombe ambavyo wapagazi walikuwa wamevitumia. Alivaa aproni ya kijani iliyofifia na kitambaa kichwani, kimefungwa kwa nyuma. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Alifanana na binti yao wa chuo, na mtu asiyewajua angesema ni dada na mdogo wake.

Mama alifunga bomba, akajifuta mikono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Kwa hesabu ya miaka alikuwa na haki. Bintiye alikuwa amemzidi umri kwa miaka kumi na mitatu. Lakini fundi alipiga goti pia.

"Shikamoo, mama," alisema naye.

Shikamoo mbili zikabaki pale jikoni bila marahaba. Mama alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na mkubwa na hajui acheke kiasi gani, akageukia vikombe vyake.

"Mama, usiniite mama," alisema kwa sauti ya chini. "Watu watakusikia. Niite dada tu, inatosha."

Mchana mwalimu alimkuta mkewe amekaa juu ya sanduku la sufuria chumbani.

"Ndiye?" aliuliza.

"Ndiye."

"Kumbe ndiyo maana." Alikaa pembeni yake. "Na mimi nilidhani umependa matofali."

"Matofali nayo nimeyapenda."

"Mwambie wewe ni nani."

"Nitamwambiaje, mwalimu? Mwanawe ana miaka saba."

Huko uani kulisikika kamba ya nguo ikikazwa.

Mtaa haukushangaa chochote, maana kila nyumba pale ilikuwa na marehemu wake. Ilikuwa mitaa ya zamani, na watu walikuwa wameitumikia kwa muda mrefu. Nyumba ya kushoto ilikuwa na mpishi aliyekatakata vitunguu toka asubuhi hadi jioni. Mbele kidogo palikuwa na yaya wawili waliosukuma kigari kitupu chini ya miti, mmoja alikufa miaka hamsini kabla ya mwenzake, na walipatana sana. Wakazi waliwazungumzia kama watu wanavyozungumzia matangi ya maji: wangu mzuri, wangu siku hizi mzito kidogo. Nyumba iliyokuwa na marehemu wake ilipata mnunuzi upesi kuliko isiyo na kitu.

Fundi alijaribu kila njia. Alimwambia apumzike, mama akapumzika kwa kusimama. Alimwekea kiti mezani, akakipangusa vumbi na kukirudisha mahali pake. Alimwambia ahamie chumba cha wageni chenye dirisha kubwa, akashukuru sana, akakipiga deki, akarudi uani. Asubuhi fundi alikuta blauzi yake ya kazini imepigwa pasi, kola imesimama, na kifungo kilichokuwa kimelegea kimekazwa kwa uzi wa rangi ileile. Miaka yote ya shule alijikazia vifungo mwenyewe. Alivaa blauzi ile akaenda kazini, na siku nzima aligusagusa kile kifungo huku anachonga nta.

Alasiri alizoea kwenda chumba cha uani, eti kuangalia kama dari linavuja. Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, kitanda cha chuma kisicho na godoro, msumari wa aproni na kijidirisha cha juu. Mama alikuwa anafuma sweta la mtoto, la njano. Mgongo na kifua vilikuwa vimekamilika. Alikuwa amekwama kwenye mikono.

"Mama, samahani nikuulize," alisema siku moja. "Mtoto wa miaka saba mkono wake unafika wapi? Niliupima kwa macho kupitia geti, sasa nimesahau."

Fundi alinyoosha mkono wake mwenyewe, akapita na kidole kutoka begani kushuka, polepole. Hakukumbuka vizuri naye. Alisimamisha kidole kati ya kiwiko na kifundo.

"Hapa," alisema.

Mama aliinama, akapima kwa shubiri yake, akaupapasa ule mkono bila kuudhi, kama fundi cherehani anavyompapasa mteja. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vikavu.

"Basi atakuwa mrefu," alisema kwa furaha. "Huyo katoka kwa baba yake. Wanamwita Chiriku, kwa mdomo ule. Akianza kuongea hata kuku wanaondoka uani. Na juzi kapukutika meno mawili ya mbele, nimeambiwa, lakini hanyamazi."

Fundi, ambaye wenzake kazini walimsifu kwa kutosema neno la ziada, alisema ni vizuri mtoto awe mchangamfu.

Alhamisi hiyo jioni mama alibisha mlango wa jikoni ingawa ulikuwa wazi. Alikuwa amevua aproni na kuishika mbele yake.

"Mama, nilikuwa naomba ruhusa. Shule zinafunga kesho Ijumaa. Nilimwahidi mtoto nitakuwepo asome ripoti yake mbele yangu. Mashuka yote nimefua. Jumapili jioni niko hapa."

"Nenda," fundi alisema.

Mama hakuondoka. Alisubiri maneno mengine, yale aliyoyazoea.

"Nenda, mama. Kaa hata wiki mbili ukitaka."

"Jumapili niko hapa," mama alisema upesi, kana kwamba amekabidhiwa kitu kinachoweza kuvunjika. Usiku huo mikono ya sweta ilikamilika. Asubuhi alitoka na mfuko mmoja wa nguo, akatembea katikati ya barabara kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuitwa. Mpishi wa nyumba ya kushoto alisimamisha kisu chake. Wale yaya wawili walisimamisha kigari.

Jumapili saa kumi na mbili jioni alirudi. Fundi alikuwa anamngoja mlangoni.

"Umemkuta?"

"Sikumkuta, mama. Nyumba imefungwa. Labda wametoka na nyanya yake kidogo." Mfuko ulikuwa mkononi, na ncha ya njano ilichungulia juu. "Acha nikuandalie chai."

Nyanya alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita. Nyumba ile ya kijijini ilikuwa imefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa hapo hapo, kwenye droo ya fundi, chini ya vitambaa.

Alhamisi iliyofuata mama alibisha tena, aproni mikononi. Shule zinafunga kesho. Mashuka yote amefua. Fundi akamwambia nenda, naye akaenda, akarudi, akasema hakumkuta.

Katikati ya juma mwenyekiti wa chama cha wakazi alifika. Alikuwa ofisa wa forodha mstaafu, mzee nadhifu aliyefunga tai hata akienda kutazama mtaro. Alikubali kiti, akakataa chai kwa kuwa iliandaliwa na mwenye kuzungumziwa.

"Binti yangu, sisi hapa hatuingiliani," alianza. "Lakini umempa ruhusa."

"Aliomba."

"Wote huomba. Ukimpa mmoja, wengine wanaona. Mpishi wa jirani yako ameanza kuuliza leo ni siku gani. Wa kwangu ni mtunza bustani. Alianguka mtini na msumeno wake wakati wa marehemu baba yangu, mkewe akiwa mjamzito. Miaka yote hii ametulia, hana neno. Jana kanifuata kwenye baraza, kofia mkononi, ananiuliza mkewe kajifungua nini."

"Ukamjibuje, mzee?"

"Nikamwambia amalizie ua kwanza."

"Na alijifungua nini?"

Mwenyekiti alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na alijitahidi kweli kukumbuka.

"Sikuwahi kuuliza," alisema.

Dirishani aliweza kuonekana yule mtunza bustani, ng'ambo ya barabara, akikata ua ambao tayari ulikuwa umekatwa. Mkasi ulifunguka na kufungika hewani.

"Mimi nitampa akiomba," fundi alisema. "Nisamehe, mzee wangu."

Mwenyekiti alishusha pumzi, si kwa hasira. Alisema basi angalau awe anapitia njia ya nyuma, ya magari ya taka, wenzake wasimwone. Fundi alikubali, na baadaye alijilaumu kwamba alikubali upesi.

Siku hiyo usiku mwalimu alimkuta ameushika ufunguo.

"Anakwenda kumtafuta mtu hayupo," fundi alisema. "Anakuta kufuli, anarudi. Itakuwa hivyo mpaka lini?"

"Basi awepo mtu."

"Nani?"

"Wewe, mwenzangu. Nani tena?"

Ijumaa aliomba udhuru kazini, akapanda basi la alfajiri kabla mama hajatoka. Alifika kijijini saa nne. Majani yalikuwa yamemea mpaka kwenye kizingiti. Alifungua kufuli kwa mafuta na subira, akafagia, akafungua dirisha moja lililokubali. Alipiga moyo konde, akavua viatu vyake vya kazini, akakaa kizingitini miguu mitupu kama alivyokaa akiwa mtoto. Maneno aliyapanga. Aliyapanga tena. Jirani mmoja alipita na ndoo, akamsalimu, akamuuliza kama amerudi moja kwa moja. Akamjibu kwamba anamsubiri mama yake. Jirani akasema ampe salamu.

Saa saba mama alitokea kwenye kijia. Alisimama mbali kidogo na nyumba, akajifunga kitambaa upya, akajipangusa vumbi la miguu kwa jani, akatoa sweta kwenye mfuko na kulikung'uta. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho fundi hakuwahi kukiona kule jikoni. Alikuwa msichana mwenye haraka. Alikuja mbio mbio, akaona mlango uko wazi, akafungua kinywa kuita.

Ndipo akamwona aliyekaa kizingitini. Kile kitu kilimtoka usoni mara moja. Alipiga goti.

"Mama! Umenifuata mwenyewe? Nimekosea siku?"

"Hujakosea." Fundi aliinuka. Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea, akabaki na machache. "Mama, nitazame. Ni mimi. Mimi ndiye Chiriku."

Mama alimtazama kwa uangalifu, kama alivyoagizwa. Alitazama paji la uso, mvi mbili tatu za pembeni, miguu mitupu. Kisha akainamisha macho.

"Usinitanie, mama," alisema taratibu. "Chiriku ni mtoto."

"Nimekua. Nilikua baada ya wewe kufa."

"Ndiyo, mama." Alisema kwa ile sauti ya kukubali kila neno la mwenye nyumba. "Kwani kuna wageni? Kama kuna wageni tungerudi tu. Nitamwona siku nyingine, yeye haendi popote."

Fundi alitaka kumshika. Alimshika mikono yote miwili, na mama akaiacha ishikwe, imelegea, akingoja kujua inahitajiwa kwa kazi gani.

"Hakuna wageni," fundi alisema. "Kaa. Kaa tumsubiri pamoja."

Lakini haikuwezekana. Mtumishi hawezi kukaa mlangoni kwake akamsubiri mtoto huku mwenye nyumba amesimama juani. Mama aliingia ndani akatoka na kigoda, akampangusia. Akafagia palipofagiwa. Akatafuta maji ya kumpa mgeni wake mkubwa, akaona aibu kwamba hakuna. Kila fundi alipomwambia aache, alifanya haraka zaidi. Saa tisa alisimama mbele yake, mfuko begani, akasema yuko tayari, basi la kurudi linapita sasa hivi.

Kabla ya kuondoka alilitundika sweta la njano kwenye kitasa cha mlango, akalinyoosha mikono. Fundi alifunga kufuli. Alisimama mbele ya lile sweta kidogo. Lingemwenea mtoto vizuri kabisa, hata nafasi ya kukua ilikuwepo. Hakuligusa, kwa kuwa halikuwa la mwenye nyumba.

Basi halikuwa na watu wengi. Kondakta alikata tiketi moja, akamtazama mama, akasema marehemu wakae dirishani, wasizibe njia. Mama alikaa kwenye ncha ya kiti. Mkoba wa fundi aliupakata yeye, ameukumbatia kwa mikono miwili usije ukaanguka.

Mashamba yalipita, na shule moja iliyofungwa, na mafundi wanaopaua duka.

"Hebu niambie habari zake," fundi alisema. "Huyo mtoto."

Mama alimtupia jicho, ahakikishe kama kweli anaulizwa. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumuuliza. Akaanza kwa kusitasita, halafu ikawa kama mtu aliyefungulia mfereji. Alisema mtoto alizaliwa asubuhi ya mvua na hakulia, alipiga chafya. Alisema alichelewa kutembea lakini aliongea mapema, na neno lake la kwanza lilikuwa "hapana." Alisema anaogopa bata na haogopi ng'ombe. Siku aliyomwacha kwa mara ya kwanza, akiwa na mwaka na miezi miwili, hakumuaga, alingoja alale, na mpaka leo hajui kama alifanya vizuri, maana wengine husema ni afadhali mtoto aone unavyoondoka, angalau akulilie ukiwa unasikia.

"Alilia?" fundi aliuliza, ingawa ndiye aliyepaswa kujua.

"Nyanya yake alinificha. Alisema hakulia. Lakini alikuwa mama mkwe mwema, yule. Wema nao ni waongo wakati mwingine."

Alisema wale watoto watatu wa bosi aliwapenda, asingesema uongo. Mkono ukishamwogesha mtoto unampenda, hauulizi ni wa nani. Lakini kila alipomvika mmoja wao soksi alijiuliza kule nyumbani soksi zinavalishwa na nani.

"Nilivaa mwenyewe," fundi alisema.

"Ndiyo, mama," mama alisema, akaendelea.

Alizungumza saa mbili nzima. Fundi hakuwahi kukaa na mama yake kwa muda mrefu namna hiyo, wala hakuwahi kujua kwamba ana sauti ya kuchekesha, ya kuigiza watu. Alisikia utoto wake wote mpaka miaka saba, ambapo habari ziliishia, na mama akarudi tena mwanzo, asubuhi ya mvua, chafya. Jua lilikuwa linashuka upande wa dereva. Fundi alikuwa ameamka saa tisa usiku. Kichwa chake kilianza kuelea, kikainama, kikafika begani kwa mama yake, na hapo kikatulia.

Mama alinyamaza. Bega lilikuwa jembamba, baridi, lenye harufu ya sabuni ya kufulia. Basi liliruka mashimo, likasimama kwenye vizuizi, likapakia na kushusha, naye hakusogea hata kidogo, wala hakujikuna, wala hakugeuza shingo, njia nzima. Bosi akilala hasumbuliwi.

Walifika jioni. Mama aliteremka kwanza, akampokea mkono kwenye ngazi ya basi, akabeba mkoba. Kupanda mtaani walipitia njia ya nyuma, ya magari ya taka, wote wawili, maana fundi alikataa kutangulia kwa njia nyingine. Ng'ambo ya barabara, mtunza bustani alikuwa bado anakata ua. Mama alifungua geti dogo, akasimama kando ampishe.

Mwalimu alikuwa mezani na madaftari yake. Aliinua macho.

"Mlikutana?"

"Tulikutana."

"Amemwona mwanawe?"

"Hapana," fundi alisema, akakaa bila kuvua viatu. "Lakini anampenda sana."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Jikoni bomba lilikuwa limeshafunguliwa, na vyombo vya mchana vilikuwa vinaoshwa, kimoja kimoja, bila kugonganishwa, ili wenye nyumba wasipate kelele.